Mbwa wa Ghati

Songwa,
3 Machi 1954

Mama Klara, mke wangu,

Nakusalimu wewe na binti yetu, na nyumba nzima hadi kuku. Mimi mzima. Kikohozi kile cha Geita kimekwisha, huku hakuna vumbi la mashine za kusagia mawe.

Nimefungua. Jumatatu iliyopita nilipigilia kibao changu mbele ya chumba, barabarani kabisa, mahali ambapo kila gari liendalo kwenye geti la mgodi wa almasi lazima lipunguze mwendo kwa sababu ya mashimo. Nimekiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: VALERIAN, MATUNZO YA MBWA NA PAKA. Chini yake nimechora mbwa. Kuna watu wanasema ni ndama, lakini ni kwa kuwa rangi ilichuruzika.

Mlangoni nina pipa la kuogeshea, ndani nina sabuni nyekundu, nina dawa ya josho ya kuua kupe, ile niliyojifunza kuichanganya nilipokuwa kwa bwana mifugo huko kwetu, na nina brashi mbili, moja ya manyoya marefu na nyingine ya mafupi. Nyuma nimejenga vibanda vinne vya mbwa ambao wenyewe wamesafiri. Wazungu wa mgodini wana mbwa wengi kuliko watoto, Mama Klara. Wakienda likizo kwao miezi mizima, mbwa anabaki na nani? Anabaki na Valerian.

Kazi imeanza vizuri sana. Mteja mmoja anakuja kila siku bila kukosa, na mbwa wake wa rangi ya manjano, jina lake Watachoka. Wengine wanafuata. Wiki hii nimeosha mbwa mpaka mikono inanuka sabuni hata nikila ugali.

Makubaliano yetu ni yale yale. Kazi ikisimama nawaita, wewe na Klara na cherehani yako, tuishi huku pamoja. Subiri kidogo tu.

Mumeo,
Valerian


Geita,
22 Machi 1954

Baba Klara,

Barua yako ilifika na basi la Ijumaa. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Klara anakuamkia. Jino lake la mbele limeng'oka, amelitupa juu ya paa mwenyewe, amekataa kulihifadhi mpaka baba yake aje.

Nimefurahi kusikia kazi imesimama. Sasa nieleze, maana mimi ni mtu wa kuelezwa. Kama umeosha mbwa mpaka mikono inanuka sabuni, kusimama kwenyewe ni kupi zaidi ya huko? Mwenye nyumba ananiuliza kila asubuhi kama tunahama au hatuhami, ana mdogo wake anataka chumba. Nimemwambia tunahama. Nguo za wateja nimeacha kuzipokea, nimebakiza sare chache za shule, ili nisiondoke na vitambaa vya watu. Nimekaa kama mtu aliyevaa viatu mapema na gari haliji.

Halafu huyo mteja wa kila siku. Mbwa gani anaogeshwa kila siku? Mimi mwenyewe maji yakiwa ya shida naruka siku. Na Watachoka ni jina gani? Usijifanye hujui kuwa mbwa hupewa jina la kumjibu jirani. Bibi yangu alikuwa na mbwa aitwaye Mtajua, na mke mwenzake alielewa vizuri nani anayeambiwa kila jioni mbwa akiitwa kula. Huyo mteja wako anamwambia nani atachoka? Niandikie jina la mtu, la mbwa nimeshalisikia.

Mkeo,
Philomena


Songwa,
10 Aprili 1954

Mama Klara,

Mteja huyo ni mtu wa Tarime, mtu wa heshima, ana biashara yake ndogo hapa barabarani. Anapenda usafi. Mbwa alikuja na jina lake, mimi sikumbatiza.

Umeuliza kwa nini siwaiti. Ni kwa sababu ya kazi kuzidi. Vibanda vyote vinne vimejaa. Juzi ameletwa mbwa wa bwana mmoja mkubwa sana wa mgodini, mrefu kama ndama kwelikweli, nikakosa pa kumweka, nikamlaza chumbani kwangu. Nikiwaita leo nitawalaza wapi, wewe na mtoto? Juu ya mbwa wa watu? Na mvua bado kubwa, paa linavuja upande wa kitanda.

Kwa hiyo mwambie mwenye nyumba avumilie. Sare za shule endelea kuzishona. Mtu akiwa na riziki mkononi haiachi kwa sababu ya riziki iliyo njiani.

Mteja mwingine anaingia sasa hivi, nasikia mbwa analia. Nafunga barua.

Mumeo,
Valerian


Geita,
1 Mei 1954

Valerian,

Leo hutaitwa Baba Klara.

Scolastika amekuja kumwuguza mama yake. Unamjua Scolastika, binamu yangu aliyeolewa na karani wa huko mgodini, kwa hiyo barabara yako anapita kila akienda sokoni. Nikamwuliza kwa furaha, kama mjinga, shemeji yako mnamwonaje, kazi imemzidi eti? Akatazama chini akaanza kuchezea pindo la kanga.

Nimemtoa maneno moja moja kama mtu anayetoa mwiba. Kuna msichana wa Kikurya anaitwa Ghati. Anauza chai na maandazi. Asubuhi yuko kwako, mchana yuko kwako, jua likishuka yuko kwako. Shingo ndefu, anacheka na meno yote. Na anafuatana na mbwa wa manjano.

Nikasema, huyo ni mteja. Scolastika akafunika mdomo na kanga, akacheka mpaka mama yake mgonjwa akauliza kuna nini.

Mtu wa Tarime. Mtu wa heshima. Ana biashara yake ndogo. Yote ni kweli, hukusema uongo, ulimvika tu koti la mwanamume kabla ya kumleta kwangu. Halafu nikakumbuka ya vibanda kujaa na chumba chako kujaa. Chumba chako kimejaa nani, Valerian?

Nina wivu. Naliandika neno hilo wazi ili usije ukasema nimezunguka. Nikishona, nashona shingo ndefu. Nikimwita Klara nasikia sauti yangu inataka kusema Ghati. Nataka jibu la mstari mmoja: kwa nini mwanamke huyo yuko mlangoni kwako kutwa?

Philomena


Songwa,
16 Mei 1954

Mke wangu mpendwa,

Scolastika ana mdomo tangu utotoni, wewe ndiye uliyenisimulia.

Ghati ni mteja. Mteja hafukuzwi. Akileta mbwa naosha mbwa, akileta mara mbili naosha mara mbili. Hayo ndiyo yote. Nimeshika rozari ya marehemu mama mkono wa kushoto ninapoandika haya kwa mkono wa kulia: sijamgusa mwanamke huyo hata kidole.

Unataka mstari mmoja wa kwa nini yuko hapa kutwa. Mstari huo upo, ila siwezi kuuandika. Ni mambo ya kazi. Kila kazi ina mambo yake ambayo mtu wa mbali hawezi kuyaelewa, na wewe hujawahi kutunza mbwa. Niamini hivyo hivyo.

Kazi inaendelea vizuri mno. Ila nakuomba usije kwa sasa. Usije kabisa bila kuniandikia kwanza.

Wako daima,
Valerian


Geita,
3 Juni 1954

Valerian,

Nimepokea. Rozari nimeisoma, mstari sijauona.

Habari za huku ni chache. Mlango wa uani ulikuwa unagoma kufunga, Gregory seremala amekuja kuurekebisha. Siku nyingine ameleta sato, mkubwa, bado anatoa maji. Amemchongea Klara kigari cha magurudumu manne, na Klara hapati usingizi bila kigari hicho. Ni mtu mwenye maneno machache na mikono yenye kazi.

Mbwa hana. Kwa hiyo hana sababu ya kuja kila siku, ila anakuja.

Philomena


Songwa,
19 Juni 1954

Philomena,

Mlango gani? Mlango wa uani niliuacha mzima. Niliutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe wiki ile ya kuondoka, nikaupaka na mafuta kwenye bawaba. Mlango uliopakwa mafuta haugomi ila ukigomeshwa.

Na Gregory namjua. Tulikuwa naye kwaya. Alikuwa akiimba sauti ya nne huku macho yake yako safu ya sauti ya kwanza, na wewe ulikuwa unasimama safu hiyo, wa pili kutoka dirishani, kitambaa cha bluu. Padri alimwambia mara ngapi atazame kitabu? Mimi nilikuoa, nikadhani yameisha. Kumbe mtu alikuwa anangoja nisafiri ili alete samaki.

Nimeshindwa kula. Jana Ghati ameniwekea andazi mbele, likakaa mpaka nzi wakalimaliza. Kila nikisugua mbwa naona mikono yenye kazi, mikono yenye kazi. Ulifikiri sana kabla ya kuandika maneno hayo au yalikuja yenyewe?

Kigari cha mtoto kirudishwe. Samaki nadhani amekwisha kuliwa. Mwambie Gregory asikanyage uani kwangu. Ningepanda lori leo hii nije nimwambie mwenyewe, ila siwezi kuwaacha wateja, wananitegemea.

Nakungoja unijibu upesi. Nakuomba.

Valerian


Geita,
12 Julai 1954

Valerian,

Nilifika Songwa, nikarudi. Usitafute alama, sikuacha.

Klara nilimwacha kwa dada. Nikapanda basi, kivuko, treni hadi Shinyanga, na kutoka hapo lori la pamba. Scolastika alinipa kanga yake nikajifunika mpaka puani kama mwenye homa. Ng'ambo ya barabara, mkabala na kibao chako, kuna kibanda cha fundi baiskeli. Nilimwambia nangoja gari la kwenda Mhunze, akanipa kigoda. Kwa hiyo nilikukalia mbele kutwa nzima na hukuniona. Mbwa wa kwenye kibao ni ndama, Valerian, watu wanasema kweli.

Ghati alikuja na sinia lake la maandazi na mbwa wake. Ni mzuri, Scolastika hakuongeza chumvi. Nilikuja na maneno niliyoyapanga tangu kwenye kivuko, na baada ya maneno nilikuwa na kofi.

Ukamwosha mbwa. Nikangoja mjifungie ndani. Hamkujifungia. Ghati akamtoa mbwa kwa mlango wa nyuma, akamzungusha kwenye majani, akamfunga kamba nyingine nyekundu, akamrudisha kwa mlango wa mbele. Na wewe ukatoka mlangoni ukawapokea kwa sauti kubwa, karibu, karibu, mbwa mzuri huyu, kana kwamba ndiyo kwanza unamwona. Gari la mgodini likapunguza mwendo kwenye mashimo. Ukamwaga maji mengi, ukasugua kwa nguvu zote. Gari likapita. Ukaacha kusugua.

Mara ya tatu mbwa alilala katikati ya barabara akakataa. Manyoya ya mgongoni yamebaki machache, maskini. Ghati akambeba. Wewe ukacheka, naye akacheka, mkakaa chini pale pale kwenye maji mkicheka.

Nikamwuliza fundi baiskeli, huyo bwana ana nini? Akasema bila hata kuinua kichwa, huyo hana mteja tangu afungue. Mbwa wa Wazungu hawatoki nje ya uzio. Getini wanaogopa mtu atamfungia mbwa jiwe la almasi shingoni au atamlisha kwenye nyama, kwa hiyo mbwa akitaka kutoka anahitaji kibali kama mtu, na nani ataandika kibali cha kwenda kuoga? Akasema, kila mtu hapa anajua. Wapakiaji wa pamba wanajua.

Basi nikajua kwa nini usingeweza kuuandika mstari ule.

Ningekuta mwanamke kitandani ningejua la kufanya, mama alinifundisha. Haya sikufundishwa. Wivu wangu haukuisha pale, usifikiri hivyo. Umehama tu. Namwonea Ghati wivu zaidi ya nilivyotoka nao nyumbani, na si kwa shingo yake. Aibu yako umempa yeye akusaidie kuibeba. Mimi mkeo umenipa bwana mkubwa na mbwa mrefu kama ndama. Yeye amekuona huna kitu, mkacheka pamoja. Sijakusikia ukicheka vile tangu Klara alipopiga hatua ya kwanza. Kwa nini yeye na si mimi? Nilikukosea nini mpaka ukaamua mimi ndiye wa kudanganywa na fundi baiskeli ndiye wa kujua?

Gregory nikwambie ukweli. Amekuja mara mbili tu. Mlango haukuwa mbovu. Samaki nilimpokea siku niliyokuwa na hasira nawe kuliko siku zote, na kama angekaa akanywa chai sijui ningesema nini. Hakukaa. Kigari sikirudishi, mtoto hana kosa.

Sikuja kukusalimu. Nilipanda lori la jioni. Na wewe uliposikia lori ulitoka ukatupungia wote, ukapaza sauti, karibuni, tunaosha mbwa na paka. Nilikuwa wa tatu kutoka nyuma.

Mwenye nyumba anataka jibu mwisho wa Agosti. Nitampa kulingana na wewe. Siku utakayoniandikia barua isiyo na mteja hata mmoja ndani yake, nitafunga mizigo. Ukiniletea mteja mwingine, hata paka, nabaki Geita na nisikuone tena.

Philomena


Songwa,
28 Julai 1954

Philomena,

Leo hakuja mtu.

Jana hakuja mtu. Juzi alikuja mzee Nkwabi, mfugaji, akanisalimu mwangaluka nikasimama haraka nikijua ameleta mbwa. Alitaka kuuliza kama dawa yangu ya kupe inafaa kwa ndama, kwa sababu alimwona kwenye kibao. Nikampa kidogo bure akaenda. Huyo simhesabu kuwa mteja, usije ukamhesabu.

Tangu Machi hajaja mtu. Bibi mmoja wa Kizungu alisimamisha gari, nikashika brashi, akauliza njia ya Shinyanga. Nilipokiona chumba hiki barabarani nilifikiri nimewazidi watu wote akili. Sikwenda kuuliza getini. Mbwa wote wako ndani ya uzio na mimi niko nje na pipa.

Ghati alikuja siku za mwanzo kujikinga na jua. Mbwa wake akatumbukia mwenyewe kwenye pipa, na wakati namsugua gari moja likasimama wakatazama, kisha wakaondoka. Ndipo nikamwomba amlete tena. Yeye anapata kivuli cha kuuzia maandazi. Ana mchumba Musoma anayefanya kazi melini. Si kitu zaidi ya hapo, lakini umesema si hilo linalokuuma, na umesema kweli.

Umeuliza kwa nini yeye. Niliagwa Geita kwa sherehe. Bwana mifugo alisema mbele ya watu wote, Valerian anakwenda kuwa bwana wa nafsi yake, na wewe ulikuwa umevaa gauni lile la maua, ukanitazama. Nilitaka uendelee kunitazama vile. Ghati hakuwahi kunitazama vile, kwa hiyo kwake sikuwa na cha kupoteza. Ulipodhani nina mwanamke, nilijua utakasirika. Ukijua sina mbwa, niliona utanihurumia. Nikachagua hasira yako. Nilipoandika rozari ilikuwa kweli, na bado niliona afadhali ufikiri mabaya.

Lori lile nalikumbuka. Nilipunga mkono na wote wakapunga, isipokuwa mwanamke mmoja aliyejifunika kanga. Nikajisemea, yule hana mbwa.

Samaki wa Gregory bado amenikwama kooni. Atakaa hapo, ni haki yangu.

Vibanda vinne ni vitupu. Chumba changu ni kitupu na paa linavuja kweli, hilo sikudanganya. Sina cha kukuitia. Nakuita hivyo hivyo.

Valerian


Geita,
14 Agosti 1954

Baba Klara,

Chumba nimekirudisha kwa mwenyewe. Mdogo wake ameanza kuleta vyungu kabla sijatoa vyangu.

Tutafika Shinyanga kwa treni ya Jumamosi ya wiki ijayo, mimi, Klara, kigari na cherehani. Cherehani ni nzito, njoo na fundi baiskeli akusaidie, ni mtu mwema na ananidai kigoda. Kibao usikishushe. Mbwa mwache alivyo, ila chini yake acha nafasi niandike kuwa tunashona. Na mzee Nkwabi akirudi usimpe bure, mwulize ana ng'ombe wangapi. Uzio wa mgodi haukuzunguka ng'ombe wa watu.

Dada ameuliza kama nimekusamehe. Nimemwambia naenda kwanza, mengine nitayaona nikiwa nimekaa.

Ghati asikimbie. Mwambie aje Jumatatu kama kawaida yake, na amlete Watachoka. Wewe utakaa kwenye kigoda. Nitamwosha mimi.

Mkeo,
Mama Klara